Kamba ya Pili ya Ninian Purdie

Simu ililia Effie Laidlaw akiwa amezamisha mikono yote miwili kwenye sinki la jumba la kanisa, anaosha vikombe vya chai ya Jumamosi. Alijifuta kwenye aproni, akaitoa simu mfukoni, akaona ni namba ya hospitali. Akajua kabla hajaipokea.

"Bi Laidlaw?" Alikuwa nesi, sauti bado ya kisichana. "Nasikitika sana. Kaka yako Ninian ametutoka sasa hivi. Ameondoka taratibu, wala hakuhangaika. Nilikuwa nimemshika mkono."

"Mungu akubariki, mwanangu," Effie alisema. Povu la sabuni lilikuwa linamtiririka kwenye kiwiko. Kisha akauliza, "Alipata matokeo?"

"Samahani?"

"Ya mpira. Barrhowie walikuwa wanacheza leo."

Sauti ya nesi ikalegea. "Alipata. Mwanao alituma ujumbe, nikamsomea mwenyewe. Barrhowie mbili, wageni moja."

"Akasema nini?"

"Akasema zilipaswa kuwa tatu. Halafu akafumba macho."

Effie alicheka, na katika kucheka huko huko machozi yakamtoka. Alipomaliza kuongea alipiga magoti palepale kwenye sakafu iliyolowa, akamshukuru Mungu kwa maisha ya kaka yake na kwa huyo binti aliyemshika mkono, na kwa bao lile la pili pia, maana Ninian angepewa habari ya sare asingelala vizuri hata huko alikokwenda. Kisha akainuka, akamalizia vikombe. Vilikuwa vya kanisa, havikuwa na kosa.

Ninian Purdie hakuwa mtu wa kuandikwa magazetini. Alizaliwa Barrhowie, kijiji cha makaa ya mawe kule Ayrshire, akashuka mgodini kabla hajaota ndevu. Mgodi ulipofungwa alihamia karakana ya mabasi, akaishi uvunguni mwa mabasi hadi kustaafu. Alimwoa Jessie, mwanamke mpole aliyejua kumcheka, naye Mungu akamchukua mapema, hawakujaliwa mtoto. Kanisani alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Lakini ukitaka kumjua Ninian ungemtafuta Ijumaa jioni kwenye uwanja wa Whinhill, ameinama nyuma ya kigari cha chokaa, anachora mistari. Hakuna aliyemlipa. Alianza kuichora akiwa kijana, na aliendelea mpaka uwanja wenyewe ulipokufa.

Jioni ile ile Gavin, mwana wa Effie, dereva wa lori la maziwa, alikuja nyumbani kwa mama yake na kadi za mazishi alizopewa na Bwana Strang, msimamizi wa mazishi. Zilikuwa nane, kila moja na mchoro mdogo wa jeneza, na namba. Ndivyo wanavyozika watu wa huko. Jeneza huteremshwa kwa kamba nane, na kila kamba ina mtu wake. Kupewa kadi ni heshima ambayo mtu huisimulia mpaka uzeeni, na kunyimwa ni jeraha ambalo wajukuu wataonyeshwa. Kamba ya kwanza ni ya kichwani. Ya pili ni ya miguuni, ya yule anayesimama akimtazama marehemu usoni.

"Ya kwanza ni yangu," Effie alisema. "Alisema mwenyewe. Zamani wanawake hawakushika, lakini alisema mtu aliyenirusha juu ya geti la Whinhill nisilipe kiingilio ana haki ya kuamua nani amshike kichwa."

Gavin aliandika. "Ya tatu Hector Gebbie, mwenzake wa jukwaani. Ya nne mimi. Tano mpaka nane, wazee wa jukwaani. Na ya pili, mama?"

Effie aliivuta kadi hiyo karibu naye. Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua tangu juma lililotangulia.

Alikuwa amekaa kando ya kitanda hospitalini, Ninian akigawa kamba zake kama nahodha anayepanga timu. Alipofika ya pili alitazama dari, akasema, "Ya pili ni ya Wattie Imrie."

Moyo wa Effie uliruka kwa furaha. Kwa karibu miaka ishirini Ninian hakuwa amelitaja jina hilo bila kuliongezea jingine la kejeli.

"Ni yake," Ninian akaendelea, "akisema lilikuwa goli."

"Na asiposema?"

"Basi iachwe ilegee. Isishikwe na mtu."

"Ninian, utazikwaje kamba imelegea? Watu watasema nini?"

"Watasema Wattie Imrie ni kichwa ngumu. Na watakuwa wamesema kweli."

Sasa, ili mtu aelewe uzito wa neno lile, lazima aujue uwanja wa Whinhill, na njia yake ya mapumziko.

Whinhill ulilala ubavuni mwa kilima kama mgonjwa aliyeteleza kitandani. Kona ya juu na kona ya chini zilipishana kimo cha mtu na kofia yake. Timu iliyoshinda sarafu ilichagua kushambulia kuteremka, ikafunga ilichoweza kufunga, halafu kipindi cha pili ikapanda mlima ikitema damu. Nyuma ya goli la chini palipita kijito, na siku ya mechi mzee mmoja alisimama kwenye maji na wavu wa samaki kwenye mti mrefu, kazi yake kuvua mipira.

Wachezaji walikuwa watu wa palepale. Golikipa Tosh Kerrigan alikuwa na meno ya bandia, akiyafunga kwenye leso, leso akaitia kwenye kofia, kofia akaiweka nyuma ya wavu. Siku moja mbwa kutoka Kirkdoon, kijiji jirani ng'ambo ya mto, aliikwapua kofia akatokomea nayo. Tosh alicheza kipindi cha pili amefumba mdomo kwa aibu, hakuweza kuwafokea mabeki wake, wakapigwa manne. Mpaka leo wazee wa Barrhowie ukiwauliza mechi ile ilipotezwaje, watakwambia tulifungwa na mbwa.

Na palikuwa na Dandy Pollock, winga mwenye miguu ya sungura, aliyefuga njiwa wa mashindano. Dandy akiona njiwa angani alimsahau mama yake. Angesimama na mpira mguuni, kichwa juu, akihesabu mabawa. Kirkdoon walilijua hilo. Mechi moja ya watani, Dandy ameshampita beki wa mwisho, amebaki na kipa tu, njiwa wanne waliibuka ghafla kutoka nyuma ya goli wakapaa juu ya kichwa chake. Dandy akasimama. Beki akarudi mbio akauchukua mpira kama mtu anayeokota kofia yake.

Hapo ndipo urafiki ulipoanzia. Kwa maana Whinhill ilikuwa na desturi yake, kama viwanja vyote vya zamani kule. Mashabiki hawakukaa mahali pamoja. Kila kundi lilisimama nyuma ya goli ambalo timu yake inalishambulia, na refa akipuliza mapumziko, umati mzima ulihama. Barrhowie walizunguka kwenda huku, Kirkdoon wakizunguka kwenda kule, na makundi mawili yalipishana kwenye njia nyembamba kando ya kibanda cha chai na pai, ambamo mama wa Effie na Ninian aliuza, Effie akimsaidia. Njia ile haikuruhusu watu wawili kupishana bila kugusana bega. Kilichosemwa pale hakikusemwa mahali pengine.

"Mmekuja na timu leo, au mmekuja na familia?"

"Tumekuja na timu. Nyie timu yenu iko wapi, au ndio wale waliovaa jezi?"

Siku ile ya njiwa, Ninian kijana alimzuia kijana mmoja wa Kirkdoon kwenye njia ile, mfupi, mwenye koti kubwa kupita mwili wake.

"Bwana, wewe ndiye mwenye njiwa?"

"Njiwa gani?"

Ninian alinyoosha mkono, akaokota unyoya kwenye kola ya yule kijana, akamwinulia machoni. Wakatazamana. Kisha Ninian akaanza kucheka, na yule mwingine naye akaanza, wakacheka mpaka watu waliokuwa nyuma yao wakaanza kuwasukuma. Ninian akamnunulia pai. Jina lake lilikuwa Walter Imrie, Wattie, na kuanzia hapo wakawa kama pua na mdomo. Walifanya kazi mgodi mmoja, kisha karakana moja. Wattie ndiye aliyesimama na Ninian siku ya harusi, na ndiye aliyemshika asianguke siku ya kumzika Jessie. Siku ya watani tu ndiyo waliyokuwa maadui, kuanzia mpira unapoanza hadi unapokwisha, ukiondoa mapumziko.

Halafu kamati ya klabu ikauza Whinhill. Klabu ilikuwa hoi, paa la jukwaa linavuja, na mjenzi mmoja alitaka kilima kwa ajili ya nyumba. Mechi ya mwisho ikapangwa dhidi ya Kirkdoon, maana nani mwingine angestahili. Ninian alichora mistari Ijumaa ile mpaka giza likaingia, akarudia kila mstari.

Siku yenyewe theluji ilikuwa imeziba barabara kuu, na washika vibendera rasmi hawakufika. Kanuni ya ligi zile ilikuwa wazi: wasipofika, kila klabu inatoa mtu wake mmoja. Kirkdoon wakamtoa Wattie. Alishika upande wa chini wa uwanja, karibu na kibanda cha pai. Ninian alisimama upande wa juu, kati ya watazamaji.

Ilikuwa bao moja kwa bao moja, dakika za mwisho. Kijana wa Barrhowie akapokea pasi, akageuka, akapiga. Wavu ukatikisika. Uwanja mzima ukalipuka, Ninian akamkumbatia mtu asiyemjua. Kisha watu wakaona kibendera. Wattie alikuwa ameuinua mkono wake juu, amesimama kama nguzo ya taa. Mfungaji ameotea. Refa akapuliza, goli likafutwa, na baada ya muda mfupi mpira ukaisha, na Whinhill nayo ikaisha.

Kwa hiyo goli la mwisho kufungwa Whinhill, juu ya mistari aliyoichora Ninian, likabaki lile la kusawazisha, la Kirkdoon.

Ninian aliteremka kilima mpaka kwa Wattie. "Umeinua kwa sababu wewe ni Kirkdoon."

"Nimeinua kwa sababu ameotea. Yadi nzima."

"Kutoka juu nimeona kila kitu."

"Kutoka juu, kwenye mteremko huu, ungeweza kuona hata mabawa kwenye ng'ombe."

Ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho. Kuanzia hapo wakazungumza kupitia kwa Effie tu, ambaye mama yao alipofariki alikuwa amekirithi kibanda. Kila mmoja alimtaka awe shahidi wake, kwa kuwa kibanda kilitazama sawasawa na mstari ule wa mabeki.

"Uliona, dada. Lazima uliona," Wattie alimwambia.

"Effie, sema ulichoona," Ninian alimwambia.

"Niliona birika," Effie aliwajibu wote wawili. "Nilikuwa nimeinama nainua birika la chai. Nikainuka watu wanapiga kelele. Ningeapa nini?"

Na alikuwa anasema kweli. Mara nyingi alijaribiwa kudanganya kwa ajili ya amani, kuchagua upande mmoja, auridhishe na kuuzika ugomvi. Lakini alikuwa mtu wa kuomba kila asubuhi, na hakuona jinsi ya kumwomba Mungu kwa kinywa kilichoapia kitu alichokipa mgongo.

Whinhill ingekuwepo, pengine njia nyembamba ingewapatanisha. Wangekutana kwenye mapumziko, bega kwa bega, na mmoja angelazimika kusema neno. Lakini uwanja mpya, ule wa nyasi za bandia nyuma ya shule, una uzio, na mashabiki husimama upande mmoja tu. Hakuna anayehama mapumziko. Ninian alisimama mwisho huu, Wattie mwisho ule, na uwanja huo ukawatenga kwa miaka yote.

Kadi ya pili, basi. Effie aliiweka juu ya meza ya jikoni siku mbili bila jina. Aliiombea. Akiacha kamba ilegee, angemshusha kaka yake kaburini na kinyongo chake kimefungwa pembeni kila mtu akione. Akimpa Wattie bila sharti, angelivunja neno la marehemu. Akimtaka Wattie atimize sharti, angemtuma mzee mwenzake akadanganye mbele ya jeneza. Siku ya tatu alivaa kofia yake ya kanisani, akapanda basi, akavuka mto kwenda Kirkdoon.

Wattie alimfungulia mlango akiwa na mkongojo. Magoti yalikuwa yamemwisha. Alikuwa ameshasikia msiba, na macho yake yalionyesha.

"Karibu ndani, dada Effie. Nilitaka kuja, nikasema labda sitakiwi."

"Ndiyo maana nimekuja mimi."

Alimmiminia chai, akamwekea na biskuti kwenye kisahani cha marehemu mkewe. Wakaongea kuhusu Ninian. Wattie akakumbuka alivyompelekea pai hospitalini kwa mkono wa Gavin.

"Aliila?"

"Aliila yote. Akasema ni pai ya Kirkdoon, chumvi imezidi."

Wattie alicheka mpaka akakohoa. Effie akaona wakati umefika. Akaitoa kadi, akaiweka mezani, akamwambia kila kitu jinsi kilivyosemwa hospitalini, bila kupunguza wala kuongeza.

Mzee aliitazama kadi kwa muda mrefu. "Ya miguuni," alisema.

"Ya miguuni."

"Aliotea, dada."

"Nilijua utasema hivyo."

"Ningeweza kukwambia lilikuwa goli. Ni neno moja, na nani atakayenipinga leo? Sasa hivi, nikiitazama kadi, nimelijaribu mdomoni. Halikukubali."

"Usiliseme," Effie alisema. "Ukilisema utakuwa umedanganya, na mimi nitakuwa nimekutuma. Na Ninian angejua. Hakuna mtu aliyeujua uongo wako kama yeye, tangu siku ya njiwa."

"Basi siwezi kuishika. Neno lake ni neno lake. Alikuwa mtu wa mistari, Ninian. Mstari ukishachorwa, umechorwa."

Effie aliinywa chai yake, iliyokuwa imeshapoa. Hakuwa amekuja na hotuba. Alisema tu lililomjia, na baadaye alisema halikuwa lake, alipewa tu.

"Wattie, nisikilize. Yeye alisimama juu ya mteremko, wewe ulisimama chini. Miaka yote hii kila mmoja ameapia upande wake. Lakini Whinhill hatukukaa upande mmoja. Mapumziko yakifika tulihama, hata aliyekuwa na mguu mbovu alihama. Ninian amehama. Huko aliko sasa hakuna mteremko, na kila kitu kimewekwa wazi mbele ya Yule anayeona yote. Kama lilikuwa goli, anajua. Kama aliotea, anajua. Sharti lile aliliweka akiwa bado amesimama juu. Mimi siamini kwamba bado analing'ang'ania."

Wattie alikuwa akiuzungusha mkongojo wake. "Na kama bado analing'ang'ania?"

"Basi nitajibu mimi. Mimi ndiye dada yake, na mimi ndiye nitakayesimama kichwani. Atanifokea mimi."

"Atakufokea kweli."

"Nimezoea."

Mzee alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likatoweka. "Na watu wa Barrhowie? Gebbie na wale? Wataniona nimesimama pale, wataniita mshika kibendera kaburini."

"Hao niachie mimi." Akainuka. Kadi akaiacha mezani, kando ya bakuli la sukari. "Sikuombi useme lolote. Sikuombi ubadili lolote. Kuna kamba moja inahitaji mtu, basi. Mazishi ni Alhamisi."

Effie hakusubiri jibu. Kwenye basi la kurudi aliomba njia nzima, kwa sauti ya chini, mpaka mwanamke aliyekuwa pembeni akamuuliza kama anajisikia vibaya.

Alhamisi ilikuja na upepo mkali na jua la hapa na pale. Kanisa lilijaa. Wazee walivaa skafu za rangi ya zambarau za Barrhowie juu ya suti nyeusi, na Mchungaji Lorna Keddie, mwanamke kijana asiyejua mpira, alikubali skafu iwekwe juu ya jeneza kando ya maua. Effie hakumwona Wattie. Nyuso zilikuwa nyingi mno, na alikaa mbele.

Baada ya ibada Hector Gebbie alimfuata mlangoni. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti iliyozoea kusikika kutoka jukwaa hadi kijitoni.

"Effie, nimesikia kadi ya pili umempelekea Imrie. Umempa bila sharti?"

"Bila sharti."

"Ninian alisema. Gavin mwenyewe ametuambia alivyosema. Neno la marehemu halitanguki. Lilikuwa goli, na kila mtu aliyekuwepo anajua."

Wazee wengine walikuwa wamesimama kumzunguka, wakitikisa vichwa kumuunga mkono.

"Hector," Effie alimuuliza, "goli lile likiingia, wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Hector alikohoa. "Nilikuwepo uwanjani."

"Wapi uwanjani?"

"Nilikuwa chooni," alisema Hector, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia jukwaani.

Mzee mmoja aliguna, mwingine akageuza uso, na mara wote wakawa wanacheka, pale mlangoni mwa kanisa, jeneza likiwa linapakiwa kwenye gari. Hector mwenyewe akacheka mwishoni.

"Basi huna kura," Effie alimwambia, akamshika mkono. "Nami sina, nilikuwa na birika. Twende tukamzike."

Makaburi ya Barrhowie yako juu, na ukisimama kule unayaona mapaa mekundu ya nyumba zilizojengwa Whinhill. Upepo ulikuwa unapeperusha skafu. Watu walilizunguka kaburi, na Bwana Strang, mwenye suti nyeusi na sauti ya upole, akazilaza kamba pande zote, akaanza kuita kwa namba kama desturi.

"Namba moja, Bi Euphemia Laidlaw."

Effie alisogea kichwani, akaipokea kamba. Ilikuwa laini kuliko alivyofikiri, na nzito.

"Namba mbili, Bwana Walter Imrie."

Upepo tu ulisikika. Bwana Strang alingoja, akainua uso, akalirudia jina bila haraka. Effie alitazama mbele yake, miguuni mwa kaburi, mahali patupu. Alianza kufikiri kwamba yule mzee alikuwa amesema kweli, kwamba mstari ukishachorwa umechorwa.

Ndipo watu wa nyuma wakaanza kupisha. Wattie alikuja pole pole, mkongojo ukizama kwenye udongo laini, koti lake kubwa likimpiga miguuni. Shingoni alivaa skafu ya kijani ya Kirkdoon. Alipita mbele ya wazee wa zambarau, na Hector Gebbie akainua mkono, si kumzuia, ila kumshika kiwiko pale udongo ulipokuwa unateleza.

"Taratibu, mzee," Hector alisema. "Hapa pana mteremko."

Wattie akafika miguuni. Akampa mtu mkongojo. Akamtazama Effie juu ya jeneza.

"Sijabadili neno langu, dada."

"Najua. Shika."

Akashika. Bwana Strang akaita namba ya tatu, Hector, na ya nne, Gavin, na nyingine mpaka ya nane, na kila mtu akachukua nafasi yake. Mbao zilizokuwa chini ya jeneza zikaondolewa. Kwa ishara yake wakaanza kulegeza kamba, taratibu, wote pamoja, na jeneza likashuka bila kuyumba. Lilipotua, Effie alihisi uzito ukimtoka mkononi. Waliziachia kamba, zikaanguka ndani juu ya kifuniko.

Mchungaji Keddie alisoma, akaomba. Waliimba zaburi moja, na kwa kuwa upepo ulikuwa mkali, sauti ya Hector ndiyo iliyosikika zaidi. Effie alirusha udongo, kisha Gavin. Wattie aliomba mkongojo wake, akainama kwa shida, akarusha na yeye. Watu wakaanza kushuka kwenda jumba la kanisa, palipoandaliwa pai za nyama na viazi kwa wote waliokuja. Gavin alimchukua Wattie kwenye gari la familia, mzee akaketi nyuma kando ya Effie, skafu mbili, ya kijani na ile iliyoondolewa juu ya jeneza, magotini mwao. Wachimba kaburi walingoja gari la mwisho litoke getini, wakavua makoti, wakaanza kufukia.